Mate ya Baba na Nusu Kidonge

S.L.P. 94,
Timau.

27 Agosti 2024.

Mpendwa ndugu yangu Mutwiri,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, huku ambako hata blanketi tatu hazitoshi na jua likitoka tunatoka nalo uani kama kuku. Mko salama huko Edmonton? Mkeo Rwamba anaendeleaje na mgongo wake? Na wewe, lile goti ulilolilalamikia wakati wa Pasaka limepona au umeamua kulizoea? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mume wangu Kithinji amenenepa, ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike, na viazi waru vya msimu huu vimekuwa vikubwa hata nikivifikisha soko la Gakoromone wateja wananitazama kwa jicho la kunishuku.

Utashangaa kupata karatasi katika siku hizi za simu. Nimemkabidhi binti yenu Kajuju mkononi, naye amekula kiapo kwamba bahasha itafika ikiwa imefungwa. Shida ya simu ni kwamba kila nikikupigia, Baba huwa ameketi ubavuni mwangu ametega sikio, na haya ninayotaka kukuambia ni yake. Nimeandika Kiswahili ili Rwamba naye asome, maana Kimeru chetu humkwama, na tena mama yake ana sehemu yake katika habari hii. Ikiwa nitazunguka, nivumilie. Unanijua.

Mwezi wa tatu nilikuambia Baba ametokwa na vipele ubavuni na kwamba vimekauka. Vilikauka kweli. Kilichobaki ndicho nilichokuficha, kwa sababu uko mbali na ungekosa usingizi bure.

Ulikuwa ule mkanda wa jeshi. Ulimshika upande wa kulia, ukaanzia chini ya titi ukazunguka hadi mgongoni. Watu wakaanza kunong'ona yale wanayonong'ona wakisikia jina la ugonjwa huo, na mzee wetu wa miaka sabini na tisa akasimama kanisani wakati wa matangazo akasema amepimwa kila kitu na hana kitu, na anayetaka kuona karatasi aje baada ya ibada. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Baadaye tuliambiwa ni tetekuwanga aliyougua utotoni, ilijificha kwenye mishipa ya fahamu miaka yote hiyo, ikaamka sasa uzeeni mwili ulipochoka.

Vipele viliondoka, maumivu yakakataa kuondoka. Mutwiri, nimezaa watoto wanne lakini sijawahi kuona mtu akiumwa hivyo na ngozi yake ni nzima, haina hata mkwaruzo. Alisema ni kama pasi ya makaa inapitishwa pale pale kila saa. Kitambaa kikimgusa tu, anaruka. Sasa fikiria Timau, asubuhi ya mwezi wa nne, upepo unashuka kutoka mlimani, na baba yako hawezi kuvaa sweta! Alikata katoni ya biskuti akaifunga kwa kamba kiunoni ili shati lisimguse ubavu, akatembea hivyo uani akitetemeka. Aliyeendesha mashine za kuvuna ngano miaka thelathini na mbili bila kulalamika, nilimkuta zizini anamlilia ng'ombe. Nilirudi nyuma polepole asijue nimemwona.

Dawa za kawaida za maumivu alimeza mpaka tumbo likagoma. Hapo ndipo nilipompeleka kwa Purity.

Purity ni afisa wa kliniki aliyehamia hapa kwetu mwaka jana, binti wa Embu, mwembamba, sauti ya chini. Mara ya kwanza kumwona nilidhani ni mwanafunzi. Nataka nimsifu hapa bila kupunguza, kwa hiyo vumilia. Huyo msichana alimwuliza Baba maswali kwa nusu saa, na mlango umejaa watu. Alimwuliza kuhusu moyo, kama macho yana presha, kama mkojo unatoka vizuri au unasubiri. Baba alinitazama nitoke nje, nikatoka. Kisha akamtuma Meru mjini akapimwe moyo kwa mashine kabla ya kumpa chochote. Nilinung'unika njia nzima kwamba ubavu ndio unaouma na moyo unahusu nini. Siku hizi sinung'uniki tena mbele ya Purity.

Majibu yaliporudi mazuri, alitoa kidonge kinaitwa amitriptilini. Kidogo hivi, ungekipoteza kwenye mstari wa kiganja. Akakikata katikati akasema aanze na nusu, jioni. Na kwa kuwa hapendi kuficha mambo, akamweleza kwamba dawa hii ilitengenezwa kwanza kwa watu waliolemewa na huzuni ile nzito isiyokwisha.

Baba alichomoka kwenye kiti. "Daktari, mimi siko na huzuni. Niko na mbavu!"

Purity hakucheka. "Najua, Mzee. Ile ya huzuni hupewa nyingi. Hii yako ni kidogo sana, ni ya mishipa. Mishipa yako inapiga kelele na hakuna kitu. Hii inaiambia inyamaze."

Baba alilitafakari neno hilo hadi tukafika nyumbani. Nadhani alilipenda. Nimeuliza zaidi tangu siku hiyo, unavyojua mimi na udadisi. Yule Cicily tuliyeimba naye kwaya alipewa hiyo hiyo kwa kichwa kilichokuwa kinampasua upande mmoja kila mwezi, na Purity anasema kidonge hicho kina ndugu mwingine katika ukoo wake wa dawa aliyekuwa akipewa watoto wanaokojoa kitandani. Kitu kidogo hivyo, kazi zote hizo! Mimi huwa nakitazama kile kidonge kwa heshima kidogo, nisikufiche.

Lakini hakina haraka. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Baba akaanza kusema tumepewa unga. Wiki ya tatu, Jumanne, nilikuwa nakamua, nikasikia mlango, nikainua macho. Alikuwa amesimama pale amevaa ile sweta ya kahawia uliyomtumia. Ameivaa kabisa, mikono yote miwili, vifungo mpaka juu. Akachukua jembe akaenda. Mimi nililia mpaka maziwa yakamwagika, na ng'ombe akaniangalia kama mwenda wazimu.

Sasa dawa hiyo ina mambo yake, na Purity alikuwa ametuonya moja baada ya jingine. Usingizi, kwanza. Wiki zile za mwanzo Baba aliamka jua likiwa juu ya paa, na Jumapili moja alilala kanisani akikoroma katikati ya maombi aliyoyaanzisha yeye mwenyewe. Choo kikafunga, tukakifungua kwa mapapai na maji mengi. Akisimama ghafla kichwa kinamzunguka, na mzee wa umri huo akianguka ni nyonga. Purity akamfundisha asiruke kitandani: aketi kwanza ukingoni, miguu ishuke, atulie, ndipo ainuke. Baba akaamua kipimo cha kutulia ni Baba Yetu nzima mpaka amina. Huwa namsikia kupitia ukutani kila asubuhi, na akiharakisha nampigia ukuta.

Na dawa inafungiwa kabatini, ufunguo kwangu. Kidogo kinatuliza, kingi kinaweza kusimamisha moyo, hasa wa mtoto. Mzee Gitobu jirani, ambaye moyo wake unajulikana kijiji kizima kuwa mbovu, alikuja kuomba vidonge viwili tu ajaribu kwa miguu yake inayowaka, na Baba alikuwa ameshaninyooshea mkono nimpe ufunguo, kana kwamba jirani ameomba chumvi. Nilimzuia Gitobu nikampeleka kwa Purity kwa nguvu. Alininunia siku nne, akapona kununa.

Kitu kilichotuletea balaa ni kimoja ambacho sote tulikidharau: mdomo kukauka. Baba alianza kutembea na chupa ya maji mfukoni, ulimi unagonga kama kisigino kwenye simenti. Tulimcheka. Ilipofika mwezi wa saba, kidonge kikiwa kimeongezwa kutoka nusu hadi kizima, mate yalikuwa ya kutafuta.

Ndipo ukaniambia Kajuju anakuja kubarikiwa kabla ya kuolewa na Njeru wake.

Wewe unajua mzee hubariki vipi, lakini Rwamba ananisoma, na kwao huenda ni tofauti kidogo. Hapa kwetu mzee akibariki mtoto wake humtemea mate kidogo viganjani na kifuani, manyunyu tu, huku akisema maneno. Wapo wanaotumia maziwa mdomoni, na zamani ilikuwa pombe ya asali. Pombe Baba aliiacha alipookoka, na kwa dawa hii hairuhusiwi hata kuionja. Nikamwambia basi tutumie maziwa. Alinitazama kama nimetukana. "Maziwa ni ya ng'ombe," akasema. "Mate ndiyo yangu."

Sikulitilia maanani. Kosa langu.

Mwezi huu wa nane, tarehe kumi na kuendelea, nikaona mambo yameharibika. Baba halali. Amekuwa mkali, chakula anakisukuma, asubuhi anatapika kidogo nyuma ya choo akidhani sioni. Kisha sweta ikarudi msumarini. Alhamisi ile ya tarehe kumi na tano nilimwona uani na katoni kiunoni. Moyo ulinishuka mpaka kwenye gambuti.

Nilitafuta miwani yake ili asome kijikaratasi cha dawa, nikafungua kasha la miwani. Ndani vilikuwa vidonge vitano vimepangwa vizuri, siku tano. Kila jioni nilikuwa nampa mkononi na maji, yeye anaviweka shavuni, nikigeuka anavitoa. Mzee wa kanisa!

Nilipandwa na hasira, Mutwiri. Nilimuuliza kama anataka kufa. Alikaa kwenye kile kigoda chake, mkono umeinuliwa mbali na ubavu, akasema polepole, "Mate yamerudi, Felicitas. Acha nimalize siku hizi chache. Mutwiri nilimwachia aende hivyo hivyo. Mtoto wake sitamfanyia hivyo."

Nilikaa chini. Mimi nilidhani alishasahau. Wewe najua hujasahau: mwaka wa 2006, ulipoacha kazi ya ualimu ukapanda ndege, alikupa mkono getini, mkavu, akarudi kuwasha trekta. Mama alimsihi, akakataa. Mama akaenda kaburini akimdai hilo. Miaka kumi na minane hajalitaja hata siku moja, na kumbe amelala nalo kila siku. Alikuwa tayari kuchomwa na ile pasi wiki mbili nzima ili asirudie.

Kesho yake tulikwenda kwa Purity. Nilitarajia atamgombeza, na nilikuwa nimejiandaa kumsaidia kugombeza. Purity alivuta kiti akakaa karibu naye, akamuuliza sherehe ni siku gani. Ni saa ngapi? Ni watu wangapi watatemewa? Mate kiasi gani yanahitajika? Aliuliza vile vile alivyouliza kuhusu moyo, na anaandika! Baba alijibu kwa makini, akaonyesha kwa kidole kwenye kiganja: hapa, na hapa, na kifuani. Ndipo akaambiwa.

"Mzee, hii dawa usiiwache ghafla tena. Ukitaka kuiacha unakuja hapa, tunashuka pole pole, vile tulipanda. Na zile ulificha usizimeze zote mara moja eti unalipia. Turudi nusu. Utameza saa kumi na mbili jioni, sio saa tatu. Na hiyo baraka msifanye asubuhi, fanyeni saa tisa. Mdomo utakuwa umefunguka kidogo."

"Kidogo itatosha?" Baba akauliza.

"Si umesema ni manyunyu? Maji unywe kidogo kidogo siku nzima. Na utafute kitu kichungu chenye kuvuta mate. Ndimu, ama ukwaju."

Kichungu alimaanisha kikali, ndivyo wanavyosema kwao. Na hapo ndipo Rwamba atafurahi, maana nilimpigia mama yake kule Kiritiri jioni hiyo hiyo. Mama Wambeti hakuuliza maswali mengi. Siku ya tatu lilishuka hapa gunia nusu la ukwaju, nusu gunia, kana kwamba tunabariki wilaya nzima. Mwambie mama mkwe wako kwamba Baba amemwita mwanamke mwenye akili, na Baba husema hivyo mara moja kwa miaka mitano.

Maumivu yalitulia tena taratibu. Hayakuisha kabisa, Purity ametuambia labda hayataisha kabisa, ila yatakuwa ya kuishi nayo. Ijumaa sweta ilitoka msumarini.

Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, saa tisa, jua zuri, Kajuju alipiga magoti kwenye nyasi mbele ya nyumba. Baba alikuwa na koti juu ya sweta, na shavu moja limetuna kwa ukwaju. Ulikuwa kwenye simu yangu, Kithinji amekushikilia mbele ya kifua chake kwa mikono miwili. Nakuambia kweli, watu thelathini tulikuwa tunautazama mdomo wa mzee mmoja. Alitema kokwa pembeni. Akafumba macho. Akatema kwenye viganja vya mwanao, manyunyu kamili, kushoto na kulia, kisha kifuani, na maneno yakatoka bila ulimi kugonga. Mzee Gitobu alipiga kelele "Yapo!" kama mtu aliyeona mvua. Kajuju alicheka na kulia kwa pamoja. Purity alikuwa amesimama nyuma karibu na tangi la maji, amekuja na viatu vya kazi, na alikuwa anajipangusa macho akidhani hakuna anayemwona.

Mengine yote Kajuju atakusimulia. Wasalimie wote: Rwamba, na yule mdogo wenu anayekataa kuongea Kimeru, na rafiki yako wa Chuka anayekukatia nywele. Kithinji anakusalimu. Gitobu anakusalimu na anasema miguu imepoa, alipewa dawa nyingine inayofaa moyo wake. Mungu awafunike msimu huo wa theluji unaokuja, awape usingizi mzuri na habari njema za nyumbani.

Nimeacha jambo moja la mwisho kwa makusudi.

Kajuju alipoinuka, Baba alinyoosha mkono akasema, "Nileteeni Mutwiri." Kithinji akampelekea simu. Najua wewe kwako mtandao ulikuwa umeshakatika. Ujumbe wako ulikuja dakika chache baadaye, ukisema tutajaribu siku nyingine. Lakini uso wako ulikuwa umebaki kwenye kioo, umeganda, mdomo wazi kidogo, na Baba hajui mambo hayo. Kwake ulikuwa pale unamsikiliza, tena kwa adabu kuliko kawaida yako.

Alisema, "Mutwiri, ulienda na mkono tu. Ile ilikuwa hasira. Sasa chukua hii. Kazi yako ikae, nyumba yako ikae, na njia ya kurudi ikae wazi." Kisha akakutemea, katikati ya paji la uso. Mara ile ile picha ikazimika, kioo kikawa cheusi, naye akanirudishia simu akasema ameridhika. Jioni alikula ugali sahani mbili. Tangu siku hiyo anamwambia kila anayepita kwamba wanawe wote wamebarikiwa, na mimi sijapata moyo wa kumwambia kwamba hukuwepo.

Simu sikuipangusa. Nilimwuliza Kajuju tufanye nini, naye akabandua kwa ukucha kile kioo chembamba cha kukinga kilichokuwa juu yake, akakiacha dirishani kikauke, akakifunga katika kitambaa changu cha kichwa. Ndicho hicho utakachokuta ndani ya bahasha. Kishike kwenye mwanga utaona alama zilipo. Usikioshe. Kiweke kwenye paji la uso, useme amina, kisha umpigie Baba umwambie imefika.

Ni mimi dada yako, wa kukupenda na wa kukugombeza,

Felicitas.